Bibi Harusi Hajawa Tayari

Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja, na swali hilo ndilo lililompa jina. Mtu wa milango akileta bawaba mpya, yeye huigeuzageuza mkononi kisha huuliza, "Ikivunjika, itakuwaje?" Mtu wa umeme akileta waya, "Ukikatika, itakuwaje?" Hata siku mpishi wa kantini alipotangaza kwamba chai imechelewa kidogo, mtu mmoja alidakia kwa kumwigiza kutoka nyuma ya foleni, "Na isipokuja kabisa, itakuwaje?" Kantini nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo akawa Bi Itakuwaje, naye hakuchukia. Heri jina la utani kuliko jina baya.

Kiwanda kilikuwa kinaunda gari jipya la kubebea wagonjwa, dogo, jepesi, la kupita katika njia ambazo magari mengine yakizifikia hugeuza. Mafundi waliliita Bibi Harusi, kwa sababu kila wageni walipokuja lilifunikwa shuka jeupe, na kwa sababu kila mtu alikuwa akilisubiri litoke nje. Wengine wote pale kiwandani walilipwa kulitengeneza. Bi Itakuwaje alilipwa kulivunja, kabla halijavunjika lenyewe likiwa na mgonjwa ndani.

Alilivunja kwa utaratibu. Kwanza walikaa mezani, watu wa idara zote, wakaweka kila kifaa katikati kama mtuhumiwa. Hiki kitaharibika vipi? Kikiharibika, mgonjwa atapatwa na nini? Na dereva atajua mapema, au atajua akiwa mtaroni? Vilivyoogopwa zaidi havikuwa vile vinavyopiga kelele, bali vile vinavyokufa kimyakimya. Baada ya hapo vifaa vilipelekwa maabara, vikafungwa juu ya meza ya chuma inayotikisika, na meza ikavifanyia kwa wiki chache yale ambayo barabara mbovu ingevifanyia kwa miaka. Vilivyosalimika viliingia kwenye gari, na gari likapelekwa mbali, kwenye nchi kavu ya mawe na makorongo, kuendeshwa kutwa hadi lithibitike.

Aliyeliendesha huko alikuwa mume wake.

Kiwandani walimwita Taratibu. Kabla ya kila tuta alikuwa akisema "taratibu, taratibu," kisha analivamia kwa mwendo unaowafanya abiria wakumbuke dini zao. Walijuana hapohapo kiwandani, yeye akilalamika kwamba kila kitu alichotengenezewa kuendesha mwanamke huyu amekwisha kukivunja, na mwanamke akimjibu kwamba hicho ndicho kilichomfanya awe hai mpaka leo. Wakaoana. Rangi ya chumba chao ilikuwa haijakauka vizuri alipoteuliwa kwenda kwenye jaribio la barabara.

Kulikuwa na sheria moja ya jaribio hilo. Kifaa ambacho uhai wa mtu unakitegemea kikivunjika kwa udhaifu wake chenyewe, umbali wote uliokwisha kuendeshwa unafutwa, kinaundwa upya, safari inaanza mwanzo. Kikivunjwa na pigo ambalo hakuna gari lingelistahimili, basi kinabadilishwa tu na safari inaendelea. Sheria hiyo aliiandika Bi Itakuwaje mwenyewe, wakati ambapo bado hajui ni nani atakayekaa nyuma ya usukani. Aliiandika kwa mkono usiotetemeka, akasifiwa kikaoni.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, aliyekuja "kumtoa upweke" kwa wiki mbili na hakuonyesha dalili ya kufunga mzigo. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye ulimi wa kukata pande zote mbili.

"Mimi sikujua kama mwanangu ana wake wawili," alisema jioni moja, akichambua mboga juu ya sinia. "Wewe umewekwa hapa mjini, na huyo Bibi Harusi ndiye anayeshinda naye."

"Mama, lile ni gari."

"Ndiyo nasema. Ungekuwa umezidiwa na mtu, ningekuonea huruma. Umezidiwa na bati." Akacheka mpaka sinia likatikisika. Kisha akatulia, akasema kwa sauti nyingine, "Na mjukuu haletwi kwa simu, mkwe wangu. Mimi sizidi kuwa kijana."

Simu ndiyo waliyokuwa nayo. Kituo cha jaribio kilikuwa bondeni, hivyo Taratibu alipanda kilima kila jua linapopungua makali ili apate mtandao. Mke alikuwa akisikia kwanza upepo, halafu pumzi ya mtu aliyepanda mlima, halafu ndiyo sauti. Mwanzoni walizungumza habari za mapenzi kama watu wengine. Baadaye, kwa jinsi siku zilivyofuatana, wakawa wanazungumza juu ya kila kitu: mlio mpya chini ya kiti cha nyuma, ndoto aliyoota mchana, mbuzi aliyelala kivulini mwa gari akagoma kuondoka. Alimfahamu mume wake kwa sikio kuliko alivyowahi kumfahamu kwa macho. Lakini simu ikikatika alikuwa akibaki ameishika, chumba kikionekana kipana kupita kiasi.

Mara kwa mara lori lilirudisha vifaa vilivyochakaa ili akavipime. Vilifika vimejaa vumbi jekundu, kila kimoja na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa mume wake uliolala upande. Wengine waliona chuma kimechakaa. Yeye alimwona mtu. Kwenye vipande vya breki aliona kwamba mume wake hakanyagi ghafla, anabembeleza. Kwenye usukani aliona mahali kiganja cha kushoto kilipolainisha ngozi. Siku moja kililetwa kiti cha dereva kizima, ili apime jinsi godoro lake lilivyobonyea. Akapima, akaandika. Wenzake walipotoka kwenda kula, alisimama akikitazama kile kiti kilichobonyea zaidi upande wa kushoto, kwa sababu Taratibu hajawahi kukaa wima maishani mwake. Akakaa ndani yake. Akaegemea kushoto. Akakaa hivyo hadi aliposikia vicheko vya watu wakirudi ukumbini, ndipo akainuka na kujifuta vumbi la sketi. Halikufutika lote.

Umbali ulikuwa unakaribia kwisha. Mama mkwe alikwisha kutandika chumba upya na kukitandua mara mbili. Bi Itakuwaje, mwanamke ambaye kazi yake ni kutotumaini kitu mpaka kipimwe, alinunua pazia jipya.

Ndipo Taratibu alipopiga simu asubuhi, wakati ambao si wake, na kule kilimani nyuma yake hapakuwa na upepo.

"Niko salama," alisema kabla ya salamu. "Sikia kwanza hilo. Niko salama."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Gurudumu la mbele limelala. Nilikuwa nateremka korongo, nikagonga jiwe, nikasikia *paa!*, gari likaniinamia kama linasujudu. Nimeingia mtaroni. Kifundo cha mkono kimevimba kidogo tu. Ni jiwe, mke wangu. Nimewaambia hapa, na Mkuu wa mradi nimempigia. Jiwe tu. Wanabadilisha mkono wa gurudumu, tunaendelea. Wiki chache nipo nyumbani."

"Kifundo kimepigwa picha hospitali?"

"Unanisikia ninachosema? Wiki chache."

"Nimekusikia," alisema, na moyo ulimruka kama wa msichana.

Mkono wa gurudumu uliovunjika uliwasili ndani ya sanduku la mbao. Ni kipande cha chuma chenye urefu wa mkono wa mtu kweli, kinachoshika gurudumu la mbele na kulifunga kwenye mwili wa gari. Kikivunjika, usukani haufai kitu tena. Bi Itakuwaje alikiosha kwa mafuta, akakikausha, akakiweka chini ya taa yenye lenzi. Kabla hajainama kutazama alifanya jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya kazini. Aliomba. Aliomba aone jiwe.

Chuma kilichovunjwa kwa pigo moja huwa na uso wa chengachenga, unaong'aa wote sawasawa kama chumvi ya mawe. Upande mmoja wa kile kipande ulikuwa hivyo. Lakini sehemu kubwa zaidi ilikuwa laini, nyeusi kidogo, yenye mistari myembamba iliyofuatana kama pete za gogo. Ufa ulianza zamani, kwenye kona ndogo karibu na mahali palipochomelewa, ukatembea kidogo kwa kila tuta, kwa kila korongo, bila sauti, mpaka kikabaki kipande chembamba kikishikilia kila kitu. Jiwe lilikuja kumalizia.

Alinyanyua kichwa. Akakiinamisha tena, kwa sababu labda ameona vibaya. Mistari ilikuwa palepale.

Maabara ilikuwa na watu wakizungumza habari zao. Mmoja alimuuliza kama anataka chai. Alisema ndiyo, na ilipoletwa hakuigusa. Alichowaza ni jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angeandika "pigo la jiwe", na dereva mwenyewe amesema jiwe, na jiwe lilikuwepo. Mume wake angefika, angetupa begi mlangoni kama kawaida yake. Kisha akamwona mtu mwingine: dereva asiyemjua, katika bonde asilolijua, nyuma yake mama aliyezidiwa na uchungu, na gurudumu likilala.

Kwenye kikao Mkuu wa mradi alisikiliza huku akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyepigiwa simu kila siku na hospitali zinazouliza gari liko wapi.

"Dereva amesema jiwe," alisema.

"Jiwe lilikuwepo, Mkuu."

"Basi?"

"Lingepita gari jipya pale, lingeruka na kuendelea. Huu mkono ulikwisha kufa, ulikuwa unasubiri mazishi."

Fundi wa kuchomelea, aliyekaa kando ya mlango, alishusha macho. Mkuu alimtazama Bi Itakuwaje kwa muda mrefu, na chumba kizima kilijua anachowaza, maana kila mtu pale alikula wali wa harusi yao.

"Unaelewa tukiandika hivyo," alisema polepole, "safari inaanza mwanzo. Yote. Na aliyeko huko ni mumeo, si wa jirani."

"Naelewa."

"Na kuna watu wanalisubiri hili gari. Nao wana haki ya kutongojeshwa."

"Wanalisubiri liwafikishe, Mkuu. Si liwaache njiani."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Andika," alisema, na hakuna aliyemtazama mwenzake wakati wa kutoka.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, jua likielekea kuzama nyuma ya paa za jirani, akasubiri upepo usikike kwenye simu. Ulisikika. Halafu pumzi.

"Niambie," Taratibu alisema kwa furaha. "Nimeshaanza kufungasha, ujue."

Akamwambia. Alimwambia moja kwa moja, kwa sababu hajui njia nyingine ya kusema jambo. Upande wa pili upepo ulivuma tu.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," alisema mwishowe.

"Hujasema uongo. Jiwe lilikuwepo."

"Umesimama mbele ya watu ukasema mume wako hajui alichokigonga."

"Nimesema chuma kilikuwa na ufa."

"Wewe na vyuma vyako." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma. "Hebu nikuulize swali lako mwenyewe, Mhandisi. Na mimi nikivunjika huku, itakuwaje? Kuna meza ya kulipimia hilo?"

Aliinuka kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Au hunitaki nyumbani?" Taratibu aliuliza.

"Usiniambie hivyo," alisema. "Niambie lolote, hilo usiniambie."

Simu ilikatika. Hakujua kama ni mtandao au ni kidole. Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, mama mkwe alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Alikwisha kusikia ya kutosha. Hakusema neno; na mama yule asiposema neno, nyumba ilikuwa kama saa iliyosimama. Chakula kilipakuliwa kimya, kikaliwa kimya. Hali ikawa hivyo siku nyingi, "nipishe" na "chumvi iko wapi" zikiwa ndiyo mazungumzo yote.

Kazini Bi Itakuwaje alifanya kazi kama mtu anayemkimbia mtu. Waliihamisha ile sehemu ya kuchomelea ikae mbali na mahali penye mzigo mkubwa. Kona kali wakaifanya mviringo. Fundi wa kuchomelea alitengeneza mikono mipya, akaja kuiweka mwenyewe juu ya meza ya kutikisa, akasimama kuitazama kama mzazi mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mmoja ulipasuka, wakajua kwa nini. Iliyofuata haikupasuka, hata meza ilipofanywa iionee.

Mkuu alimwita ofisini. "Nimetafuta dereva wa kumbadilisha mumeo," alisema. "Amekwisha kuteseka vya kutosha. Arudi."

Alitoka mle ofisini anakaribia kukimbia. Jioni alipiga yeye, hakungoja kupigiwa.

"Mkuu kaniambia," Taratibu alisema. Tangu siku ile walikuwa wakisalimiana na kuulizana hali kama watu waliokutana kwenye foleni. "Nimekataa."

"Umekataa?"

"Gari linaanza mwanzo, na mimi naanza nalo. Mimi ndiye ninayejua sauti zake. Aje mtu mgeni, akae juu ya kitu kama kile, asisikie? Siku ile kabla halijalala kulikuwa na mlio. Kama mtu anayekohoa akiwa amefunika mdomo. Niliusikia, nikafikiri ni jiwe dogo limenasa. Sasa naujua."

Alitaka kulia kwa hasira, na alitaka kumsifu, na vyote viwili vilikuja kwa wakati mmoja. Mwanamume aliyeulizwa kama anataka kurudi amejibu hapana. Hata kama sababu ni nzuri, mke hulala na ile hapana, si na sababu.

Asubuhi mama mkwe alimkuta amekaa mezani, chai imepoa. Alimtazama, akavuta kiti.

"Amekataa kurudi," Bi Itakuwaje alisema.

"Nimesikia. Kanipigia." Mama alishusha pumzi. "Huyu alipokuwa mdogo alikaa juu ya mti kutwa nzima kwa sababu babake alimwambia hawezi kupanda. Alikwisha kupanda. Alikuwa anaogopa kushuka." Akaisogeza kando chai iliyopoa, akamimina nyingine. "Mikono hiyo mipya nani anaipeleka?"

"Lori."

"Lori linajua kuifunga?"

Bi Itakuwaje alimtazama.

"Mimi sikusoma," mama mkwe alisema, "lakini najua kitu muhimu hakitumwi. Kinapelekwa. Nenda ukamwone mumeo."

Basi akaenda, amekaa kando ya dereva wa lori, masanduku nyuma yakigongana. Miji ikawa vijiji, vijiji vikawa vibanda, vibanda vikaisha. Kituo kilikuwa mabanda mawili ya bati, tangi la maji, na kamba ya nguo. Taratibu alikuwa anaanika shati. Aligeuka na vibanio viwili mdomoni. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeota ambazo hakuzitaja hata siku moja kwenye simu. Walisimama mbali kidogo wakitazamana, kila mmoja akiwa na aibu, kama watu waliokubali kuonana baada ya kuandikiana tu.

"Karibu," alisema, vibanio vikaanguka.

"Ahsante," mke alijibu, akainama kuviokota ili apate cha kufanya.

Walifunga mikono mipya pamoja, yeye akilala chini ya gari na mume akimpa spana. Hawakuongea yaliyopita. Walisema "shika hapa" na "kaza kidogo." Kazi ilipokwisha Taratibu alifungua mlango wa abiria. "Twende ukaone unakonipeleka."

Mke hakuwahi kupita njia ile. Aliijua kwa michoro, kwa namba, kwa mistari inayopanda na kushuka kwenye karatasi. Sasa ilimpanda kupitia mgongo hadi meno. Haikuwezekana kuzungumza, kila neno lilikatwa vipande vinne. "Ta-ra-ti-bu!" alipiga kelele, bila kujua kama anamwita mtu au anaomba huruma, na mume wake akacheka kicheko ambacho hakukisikia tangu siku ya simu ile. Ndani ya ule mtikisiko alielewa jambo ambalo michoro haikumwambia: kwamba mtu huyu amekaa humu, peke yake, siku baada ya siku, mifupa yake ikisoma kila jiwe, kwa sababu ya sheria aliyoiandika yeye akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto.

Kwenye mteremko wa korongo Taratibu alisimamisha gari, akazima injini. Alishuka, akatembea mbele kidogo, akasimama akiangalia chini. Mke alimfuata.

"Hilo hapo," alisema.

Ni jiwe. Halikuzidi ukubwa wa mkate. Walilitazama wote wawili. Taratibu alilisukuma kwa kiatu, likabingirika bila ubishi hadi ukingoni.

"Mimi nililikumbuka kubwa," alisema.

Bi Itakuwaje alibana midomo, lakini mabega yalimsaliti. Akaanza kucheka, mume naye akaanza, wakacheka mpaka wakashikana ili wasianguke, na walipoacha kucheka hawakuachana.

"Nilitaka kurudi," Taratibu alisema, mdomo ukiwa kwenye nywele zake. "Nilitaka liwe jiwe."

"Na mimi nilitaka."

"Najua. Ndiyo maana nilikasirika zaidi. Ungekuwa hutaki ingekuwa rahisi."

Alikaa naye siku chache, kisha lori likamrudisha mjini. Hakuna wakati aliomtamani kama njiani akirudi, nguo zake zikiwa na lile vumbi. Kabla ya hapo alikuwa akitamani kumbukumbu. Sasa alimtamani mtu, mwenye ndevu, aliyekonda, anayekoroma upande mmoja.

Bibi Harusi lilianza mwanzo na likafika mwisho. Mikono mipya ilipopimwa haikuwa na hata unywele wa ufa. Kiwandani shuka jeupe lilivutwa kwa mara ya mwisho, magari ya kwanza yakapita langoni kwenda kwa waliokuwa wakiyangoja, na Mkuu, ambaye hakujulikana kwa machozi, alisema kuna vumbi limemwingia jichoni. Taratibu alipewa kazi ya kuwafundisha madereva wapya kusikiliza. Alirudi nyumbani na begi moja, akalitupa mlangoni.

Wala haikuwa kama walivyodhani. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo na kukaa ukingoni mwa kitanda, akishangaa sakafu haitikisiki. Kula alikula haraka, kama mtu anayesubiriwa. Mke naye alijikuta akikwepa chumba ili asigongane naye. Waliketi sebuleni wakiwa wamekaribiana magoti, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Yale yote waliyoyazungumza kilimani, mbuzi na ndoto na milio, yalikwenda wapi? Usiku mkono wa mume ukimgusa alishtuka, kisha akaona aibu kwa kushtuka kwake. Alimkumbuka mume wake, naye yupo, analala kando yake.

Jioni ya Jumapili moja Taratibu alitoka kwenda kunyoosha miguu uani. Haukupita muda, simu ya Bi Itakuwaje ikalia mezani. Aliona jina, akafikiri amekosea kubonyeza. Akapokea. Kwanza akasikia upepo mdogo, ule wa kuzunguka kona ya nyumba. Halafu pumzi.

"Ni mimi," Taratibu alisema.

"Uko wapi?"

"Hapa ukutani, karibu na kamba ya nguo. Nimeona labda nikupigie. Nakuogopa kidogo nikikuona. Sijui kwa nini. Nikikusikia sikuogopi."

Alikaa chini polepole. "Na mimi," alisema. "Hizo ndevu. Hukuniambia habari za ndevu."

"Ninyoe?"

"Sijui. Acha kwanza nizizoee."

Maneno yakaja. Alimweleza habari ya kiti, jinsi alivyokaa ndani yake wenzake wakiwa chakulani. Mume akamweleza kwamba kuna jioni alipanda kilima hata mtandao ukiwa haupo, akazungumza hivyohivyo. Mama mkwe alipita na ndoo, akamwona mkwe wake anazungumza na simu huku machozi yanamtoka, akachungulia dirishani, akamwona mwanawe amegeukia ukuta naye anazungumza na simu. Akaweka ndoo chini.

"Hivi nyinyi mna akili sawasawa?"

Hakuna aliyemjibu. Bi Itakuwaje aliinuka, akaiacha simu mezani ikiwa bado hewani, akatoka nje bila viatu. Mama mkwe aliikaribia simu. Kisha akaichukua, akaiweka sikioni.

"Hayupo hapa," alimwambia mwanawe. "Anakuja huko."